Mpiga Chapa na Miisho ya Hadithi Zetu

Mpiga chapa wetu hakuwa msomaji, na alilisema hilo kila alipopata nafasi. Katika duka lake pale Kesses, karibu na chuo chetu kikuu, chumba kimoja chenye kompyuta mbili, printa iliyokohoa na mashine ya fotokopi, hapakuwa na kitabu hata kimoja cha hadithi. Kulikuwa na gazeti la juzi au la wiki iliyopita, na humo alisoma matangazo ya vifo peke yake. Aliyasoma polepole, akitaka kujua marehemu ameacha watoto wangapi, na nani ametajwa mwisho. Akimaliza, gazeti lilifungia mandazi.

Hata hivyo tulimpelekea yeye hadithi zetu. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wakati huo, na tulikuwa kikundi kidogo cha waandishi tuliokutana kila Alhamisi alasiri katika darasa lolote tulilolikuta wazi. Wengi wetu tuliandika kwa mkono, kwenye madaftari, kisha tukashuka hadi kwake achape. Tulimwita Mama Chapa. Yeye alituita wote "wewe wa hadithi", hata tukiwa watatu mbele yake.

Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mnene kidogo, sweta mbili mwaka mzima, miwani iliyofungwa kamba nyeusi. Alichapa bila kutazama vidole. Midomo yake ilicheza alipofika mahali watu wanaongea, na kama mmoja wao alikuwa anadanganya alibonyeza vitufe kwa nguvu zaidi. Usingejua hilo mpaka ukae naye siku nyingi. Kisha kulikuwa na siku alizoacha kuchapa kabisa. Alivua miwani, akachukua simu, akampigia mwenye hadithi.

"Njoo hapa. Mtu wako amekwama."

Mwanafunzi mmoja wa uhandisi aliandika habari za chifu mla rushwa aliyeuawa na radi akitoka kanisani. Mpiga chapa alimwita saa nne asubuhi, kijana akiwa katikati ya mtihani mdogo. Alipofika, mama yule alimwonyesha mstari kwa penseli.

"Hii radi imetoka wapi?"

"Mbinguni, Mama. Ni adhabu."

"Kutoka mwanzo hakuna hata wingu. Umechoka na chifu, ukamwita Mungu akumalizie kazi."

Kijana alicheka, akabeba daftari lake. Lakini alirudi baada ya wiki mbili na mwisho mwingine. Safari hii chifu aliponzwa na mazoea yake ya kuhesabu kila kitu kwa sauti. Alihesabu bahasha hadharani, akidhani kipaza sauti kimezimwa.

Hakuwahi kutumia maneno ya darasani. Leksha wetu alifundisha sifa za wahusika wiki moja na msuko wa matukio wiki iliyofuata, na katika madaftari yetu vitu hivyo viwili vilikaa kwenye kurasa tofauti kama majirani wasiosalimiana. Mpiga chapa alisema "mtu wako" na "mambo yake", na kwake mambo yalitoka kwa mtu kama maziwa yanavyotoka kwa ng'ombe. Aliniambia siku moja, akitafuta pini za stapla: "Uliza tu, huyu mtu akikosea anafanya nini na mikono yake? Anaificha? Anamnyooshea mwingine kidole? Ukijua hapo, unajua hadithi inaenda wapi. Ukijipeleka mahali pengine, ni wewe unaenda. Yeye amebaki."

Aliniambia hivyo baada ya kugombana nami. Nilikuwa nimeandika hadithi ya ndugu wawili wa Kiplombe, kwetu, ambao hawakusemezana kwa miaka tisa kwa sababu ya ua. Mkubwa alikuwa amesogeza nguzo hatua tatu ndani ya shamba la mdogo. Mwishoni mdogo analazwa hospitalini, mkubwa anakwenda, anapiga magoti kando ya kitanda, analia, wanakumbatiana. Nilipoiandika nililia mimi mwenyewe, na nilidhani hiyo ni dalili njema.

Simu ikaja. Nikashuka.

"Huyu mzee," alisema, "ukurasa wa kwanza umeniambia kofia yake ikianguka mbele ya watu haokoti."

"Ndiyo, Mama."

"Anangoja watu waende, ndio ainame."

"Ndiyo."

"Sasa ukurasa wa sita analia mbele ya manesi. Hayo machozi ameyatoa wapi?"

Nilimwambia mzee amebadilika.

"Lini? Mimi nimechapa kila neno lako na sikuona mahali amebadilika. Labda ni wewe ulibadilika. Ulichoka."

"Ni hadithi yangu, Mama."

"Ni yako. Lakini mikono ni yangu, na mwisho huu siuchapi."

Nilichukua karatasi zangu nikaenda duka la pili, ambako kijana mwenye visikizi masikioni alichapa kila kitu bila kupepesa macho. Alhamisi niliisoma kwa kikundi. Walinipigia makofi. Mmoja tu, Jerotich, hakupiga. Jerotich alikuwa mwandishi bora kati yetu, msichana wa Timboroa aliyezungumza kidogo na kuandika kwa sentensi fupi. Tulipotoka nje alisema, "Mwisho ni mtamu. Lakini si wa yule mzee."

Niliandika upya. Mara hii ndugu mdogo akiwa bado hospitalini, mkubwa anatoka alfajiri, anang'oa nguzo moja baada ya nyingine na kuzirudisha zilikokuwa. Mke wake akimuuliza matope ya nini, anasema alikuwa anamtafuta ndama. Hospitalini haendi. Nilimpelekea mpiga chapa, naye akaichapa hadi mwisho. Alizoea kutia pini moja pembeni. Yangu aliitia mbili.

Nisimfanye mtakatifu. Aliyetutaka tuwaache watu wetu wafanye yao, yeye hakumwacha mtu yeyote afanye yake. Aliwaambia wanafunzi nani asiolewe na nani. Aliwaambia wapenzi wawili, mbele ya foleni ya fotokopi, kwamba ndoa yao haitamaliza mwaka. Ilimaliza, na sasa wana watoto watatu. Alialikwa harusini, akaenda, akala vizuri, na hakuomba radhi. Aliamini kwa dhati kwamba mtu mzima habadiliki, na katika miaka michache ya kwanza niliyomjua alihama makanisa matatu. Nilipomuuliza, alisema si yeye aliyebadilika, ni wachungaji.

Na kuhusu maisha yake mwenyewe alikuwa kama ukuta. Tulijua ametoka upande wa magharibi, kama wengi waliofungua biashara pale. Tulijua aliwahi kuwa karani wa ofisi moja mjini Eldoret kabla ya kuja Kesses. Zaidi ya hapo, ukimuuliza swali alikuuliza kama unataka kopi za upande mmoja au pande zote mbili.

Mwaka wetu wa mwisho kikundi kilitoa kitabu kidogo cha hadithi, chembamba, jalada la kijani. Mpiga chapa ndiye aliyechapa nakala zote. Hadithi ya mwisho kitabuni ilikuwa ya Jerotich. Ilimhusu mwanamke anayeacha mtoto wa miaka miwili kwa bibi yake na kwenda mjini kutafuta kazi. Tangu mwanzo wa hadithi mwanamke huyo ni mtu asiyetazama nyuma. Akimwaga maziwa hapangusi, anaenda kukamua mengine. Mwishoni anafika stendi, anasikia mtoto analia kule nyuma, au anadhani amesikia, na anapanda gari. Basi. Nilikuwa nimeiona hadithi hiyo kwenye daftari na nilijua kwamba hatukuwa na nyingine kama hiyo.

Siku ya kukizindua tulikusanyika katika ukumbi mdogo, wanafunzi, leksha wawili, na mpiga chapa nyuma kabisa, sweta moja tu siku hiyo, ile nzuri. Jerotich aliitwa asome. Alisoma vizuri mpaka akageuza ukurasa wa mwisho. Aliutazama ule ukurasa muda mrefu hadi mtu mmoja akakohoa. Kisha alikifunga kitabu, akazitoa kichwani sentensi nne za mwisho kama alivyoziandika, akaenda kuketi.

Nilifungua nakala yangu. Katika kitabu, mwanamke alifika stendi, akasikia mtoto analia, akashusha mzigo, akarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata nilimsindikiza Jerotich dukani. Mpiga chapa alikuwa ameketi, kompyuta zote mbili zimezimwa.

"Mama, ni wewe?" Jerotich aliuliza.

"Ni mimi."

"Wengine wote unawapigia simu. Mimi mbona hukunipigia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi ndiyo maana."

Jerotich aliweka kitabu juu ya kaunta. Hakupandisha sauti. "Wewe ndiye umetufundisha mtu hafanyi kitu asichoweza. Huyu mwanamke anaweza kurudi?"

"Hawezi."

"Sasa?"

"Nilitaka arudi."

Akavua miwani. Alituambia kwa maneno machache, kama mtu anayetoa maelezo kwa polisi. Alikuwa na binti. Alimwacha kwa bibi yake akiwa na miaka miwili, akaja Eldoret kutafuta kazi, akisema atarudi Disemba. Kazi akapata. Disemba ile hakwenda kwa sababu hakuwa na kitu cha kubeba. Iliyofuata hakwenda kwa sababu alionea aibu ile ya kwanza. Baadaye zikawa nyingi mno. Aliendelea kutuma alichoweza, na hakuenda. "Nilipofika pale kwa stendi yako," alimwambia Jerotich, "mikono ilikataa."

Nilidhani Jerotich angemshika bega. Mimi nilikuwa karibu kufanya hivyo.

"Pole, Mama," Jerotich alisema. "Lakini hayo ni yako. Usiyaweke kwa yangu."

Akatoka.

Mpiga chapa alifunga duka siku hiyo. Kesho yake alichapa ukurasa wa mwisho kama ulivyokuwa daftarini, akautolea nakala za kutosha, akanunua chupa ya gundi, akaanza kuzunguka. Aliingia hosteli moja baada ya nyingine. Mlangoni alisema maneno yale yale: "Mwisho ulio kwenye kitabu si wa mwandishi. Niliuweka mimi. Naomba kitabu chako." Wengine walikuwa hawajakifungua. Mmoja alikuwa amekiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Mpiga chapa aliinua meza, akatoa kitabu, akabandika ukurasa, akarudisha kitabu chini ya mguu. Wiki mbili alifanya kazi hiyo. Nilimwambia inatosha. Aliniuliza kama mimi ndiye niliyeharibu.

Ilibaki nakala moja iliyokuwa mbali. Jerotich alikuwa amempelekea baba yake, Timboroa, kabla hajakifungua mwenyewe. Nilikuwa nimewahi kufika kwao, kwa hiyo mpiga chapa aliniomba nimwonyeshe njia. Jerotich hakutaka kuja. "Nendeni tu," alisema.

Timboroa kulikuwa na ukungu mpaka saa sita mchana. Tulimkuta mzee jikoni kando ya moto, mrefu, koti zito, akichambua viazi vya mbegu. Alitukaribisha, akatumiminia chai. Kitabu kilikuwa kwenye rafu, kimevikwa plastiki kama Biblia.

Mpiga chapa alisema maneno yake ya mlangoni. Mzee alisikiliza. Kisha akauliza, "Unataka kubandika nini?"

"Mwisho wenyewe, Mzee. Ule aliouandika binti yako."

"Huu uliomo ni wa nani?"

"Ni wangu."

Mzee alichukua ile karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akasoma. Haikumchukua muda. Aliposhusha mkono, uso wake ulikuwa umebadilika, na mimi ndipo nilipoelewa jambo ambalo Jerotich hakuwahi kutuambia, yule mwanamke wa hadithi alikuwa nani.

"Mama yake aliondoka mtoto akiwa mdogo hivi," mzee alisema, akionyesha kwa mkono usawa wa goti. "Hatujawahi kumtaja hapa nyumbani, hata siku moja. Nikasoma kitabu, nikaona mama amerudi. Nikasema, sasa mtoto wangu amemsamehe mama yake. Nimeshukuru Mungu kwa hilo wiki mbili."

Mpiga chapa alikuwa ameshika chupa ya gundi. Aliiweka chini.

"Nilikosea, Mzee."

"Ulimjua mama yake?"

"Hapana."

"Kwa nini basi ulimrudisha?"

"Kwa sababu mimi sikurudi kwa wangu."

Mzee alimtazama. Sikuona hasira. Alikunja ile karatasi mara mbili, akaitia ndani ya kitabu bila gundi, akarudisha kitabu kwenye rafu. "Usibandike," alisema. "Acha zikae zote mbili. Nitamuuliza mwenyewe." Kisha akamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Wako yuko hai?"

"Yuko."

"Na wewe unazunguka na gundi."

Mimi na mpiga chapa tulitoka hadi barabarani. Pale kwenye vibanda vya viazi aliniambia nitangulie Kesses, nimwambie mwenye nyumba kwamba duka halitafunguliwa wiki hiyo. Nilimuuliza anakwenda wapi. Alisema, "Si umesikia nimeulizwa?" Akavuka barabara.

Yaliyotokea huko kwa binti yake aliyasimulia baadaye, kwa vipande, akiwa anachapa barua za watu. Binti alikuwa msichana mkubwa wa miaka ishirini na mmoja. Bibi alikuwa ameshafariki. Binti alimpa chai katika kikombe cha wageni, akampa kiti cha wageni, akamwita "madam", na alipomaliza kunywa akamuuliza ataondoka saa ngapi. Mpiga chapa alirudi Kesses. Mwisho wa mwezi akaenda tena. Kikombe ni kile kile. Mwezi uliofuata akaenda tena. Nilimuuliza kama binti amemsamehe. Alinijibu huku vidole vinakwenda: "Wewe wa hadithi unapenda sana hilo neno. Hajasema. Na mimi sijamuuliza. Ameniacha nimsaidie kufua."

Jerotich hakubadilisha hadithi yake hata koma moja. Alikwenda nyumbani wikendi moja, akaongea na baba yake juu ya mama yake kwa mara ya kwanza. Waliongea nini, hakuniambia. Muhula mzima hakukanyaga dukani. Kisha alikuja na hadithi nyingine, akaiweka kwenye kaunta na kusema, "Chapa kama ilivyo." Mpiga chapa aliichapa kama ilivyo, pamoja na makosa mawili ya tahajia. Jerotich alipoyaona alicheka, na hayo ndiyo mapatano yao niliyoyashuhudia mimi. Kama kulikuwa na mengine, sikuwapo.

Tulihitimu. Nilipata kazi ya kufundisha shule ya upili, si mbali na nyumbani. Nilipopita Kesses baada ya miaka michache nilikuta duka limekuwa kinyozi. Kijana wa kinyozi alisema mama wa kuchapa alihama, hajui wapi. Sikumtafuta. Nilikuwa na darasa la watoto hamsini na wanne, na kila muhula nilipofika kwenye hadithi fupi nilifundisha sifa na msuko siku moja, kwa pamoja, na mkaguzi aliniandikia kwamba sifuati mpangilio.

Nilimwona tena mwezi wa tatu mwaka huu, mjini Eldoret, katika duka moja la pembejeo. Ilikuwa wiki ya kununua mbegu na watu walijaa hadi nje. Mimi nilifuata chakula cha kuku. Nilisikia sauti kabla sijamwona.

"Hiyo si ya kule. Hiyo itaoza, udongo wa kule unashika maji."

Alikuwa amepungua mwili na miwani ilikuwa mpya. Kando yake alisimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu kumshinda, buti za mvua miguuni, mfuko wa mbegu mkononi.

"Nimesema hii," mwanamke yule alisema.

"Lakini mwaka jana jirani..."

"Jirani ana shamba lake. Hili ni langu. Nataka hii."

Nilingoja jibu. Nilimfahamu mama huyo, nilijua angevua miwani. Hakuvua. Alifumba mdomo, akaitia mikono yake mifukoni, akasogea kando kumpisha mtu apite.

Muuzaji alikuwa mcheshi, na foleni ilikuwa imechoka, kwa hiyo alijaribu kuwachekesha watu. "Dada, na huyu ni nani anakusumbua hivi tangu asubuhi?"

Mwanamke mrefu alikuwa ameinama akitafuta kitu kwenye mkoba. Hakuinua kichwa.

"Ni mama yangu," alisema. "Anaumwa magoti. Mpe kiti."

Muuzaji alizunguka kaunta, akamsogezea ndoo kubwa iliyopinduliwa. Mpiga chapa aliketi. Hapo ndipo aliponiona, akanitambua, akanisalimu kwa kichwa tu, na hakufungua kinywa tena mpaka binti yake alipomaliza kununua mbegu.